Eazy-E

Eric Lynn Wright (anafahamika zaidi kwa jina la kisanii Eazy-E; 7 Septemba 1964 – 26 Machi 1995) alikuwa rapa na mtayarishaji wa muziki kutoka Compton, California, nchini Marekani. Anahesabiwa miongoni mwa waanzilishi wa gangsta rap, aina ya hip hop inayosimulia maisha ya magenge, dawa za kulevya na ukatili wa polisi.

Aliacha shule ya sekondari akauza dawa za kulevya. Fedha alizopata alizitumia kuanzisha kampuni ya muziki ya Ruthless Records, akishirikiana na meneja Jerry Heller. Mwaka 1987 alirekodi "Boyz-n-the-Hood", wimbo ulioandikwa na Ice Cube na kutayarishwa na Dr. Dre. Wakiwa pamoja katika kundi la N.W.A, walitoa albamu ya Straight Outta Compton (1988).

Ugomvi wa fedha ulilivunja kundi. Ice Cube aliondoka mwaka 1989, na baadaye akawa mwigizaji na mtengenezaji wa filamu. Dr. Dre alifuata mwaka 1991. Wakaanza kushambuliana kwa nyimbo.

Februari 1995 Eazy-E alilazwa hospitalini akidhani ana pumu, kumbe ni UKIMWI. Tarehe 16 Machi alitangaza hali yake hadharani ili kuwaonya mashabiki. Alifariki siku 10 baadaye, akiwa na umri wa miaka 30.

Mwaka 2015 Ice Cube na Dr. Dre walikuwa miongoni mwa watayarishaji wa filamu ya Straight Outta Compton, inayosimulia historia ya kundi lao, pamoja na kifo cha mwenzao.