Mtahini mkali? Jifunze kwa Beryl Markham

Simama kwenye gati la Lamu asubuhi utaziona. Ndege ndogo zinatokea upande wa bara, zinazunguka juu ya mikoko, kisha zinatua Manda, ng'ambo ya mkondo. Abiria wanashuka, wanaingia kwenye boti, na baada ya dakika chache wako mjini wakikwepa punda. Nyingi ya ndege hizo zimetoka Wilson, Nairobi.

Labda nawe ni mmoja wa wale ambao wamewahi kuzitazama na kujiambia, siku moja nitakaa pale mbele. Kama ndiyo, basi ushasikia stori za watahini. Kuna yule asiyeitikia salamu. Kuna yule anayepunguza nguvu ya injini ghafla mkiwa juu, halafu anakuuliza sasa utatua wapi. Na kuna yule wa kimya, anaandika tu kwenye karatasi yake mpaka unasahau hata jina lako. Vijana wengi hawaanguki mtihani wa urubani kwa kukosa akili. Wanaangushwa na kiwewe.

Leo nataka nikusimulie maisha ya mwanamke mmoja aliyepita njia hiyo hapa hapa Kenya, zaidi ya miaka 90 iliyopita. Jina lake Beryl Markham.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1902, akaletwa Kenya akiwa mtoto wa miaka minne hivi. Baba yake, Charles Clutterbuck, alikuwa na shamba na farasi kule Njoro. Mama hakuvumilia maisha ya huku, akarudi kwao na mtoto wa kiume. Beryl akabaki. Alilelewa zaidi na porini kuliko na mwalimu yeyote. Alicheza na kuwinda na watoto wa Kikalenjin, akakua anaongea Kiswahili. Shule? Alipelekwa, na akafukuzwa. Masomo yake yote ya darasani hayakuzidi miaka michache.

Kumbuka hilo, tutalirudia.

Baadaye ukame na madeni vikammaliza baba yake, akauza kila kitu na kwenda Peru kutafuta riziki. Beryl alikuwa na miaka 18 hivi. Badala ya kumfuata, alibaki na kuchukua leseni ya kufundisha farasi wa mashindano, kazi ambayo hakuna mwanamke aliyekuwa akiifanya Kenya wakati huo. Mwaka 1926 farasi wake, Wise Child, alishinda mbio za St. Leger jijini Nairobi. Wazee waliokuwa wakimcheka wakanyamaza.

Kisha akapenda ndege.

Wakati huo Nairobi kulikuwa na kampuni iliyoitwa Wilson Airways. Ilianzishwa mwaka 1929 na mwanamke, Florence Kerr Wilson. Ndiyo, uwanja wa Wilson unabeba jina la mama huyo. Rubani mkuu wa kampuni alikuwa Tom Campbell Black, na ndiye aliyemfundisha Beryl.

Tom hakuwa mwalimu wa kubembeleza. Kwenye ndege za mafunzo za siku hizo, mwalimu na mwanafunzi waliongea kupitia mpira mrefu kama bomba, maana upepo na injini vilimeza sauti. Tom aliutumia mara chache mno. Alikaa kimya akuache ukosee. Beryl mwenyewe alisimulia baadaye jinsi walivyoruka siku moja kuelekea vilima vya Ngong. Yeye aliona nafasi ya kuvuka ipo. Hakujua kwamba karibu na vilima hewa huporomoka chini na kuivuta ndege nayo. Vilima vikazidi kukaribia, ndege ikazidi kushuka, na Tom kimya. Alingoja mpaka mwanafunzi wake akaliona kosa kwa macho yake, ndipo akashika usukani na kuitoa ndege pale.

Sasa fikiria. Mtu aliyefunzwa na mwalimu wa aina hiyo atatishwa vipi na mtahini anayenuna? Ukimya alishauzoea. Ukipata mwalimu anayekusifu kila siku, shukuru, lakini muombe mara moja moja akukalie kimya na akupe presha. Bora uvunjike moyo na mwalimu wako kuliko na mgeni aliyeshika fomu.

Mafunzo hayakuwa mchezo. Mei 1931, Denys Finch Hatton, rafiki wa karibu wa Beryl, alianguka na ndege yake Voi na kufa. Beryl alikuwa bado mwanafunzi. Angeweza kuacha, na hakuna angemlaumu. Julai mwaka huo huo alipata leseni yake ya kwanza, ile ya A, ya kuruka bila kulipwa. Aprili 1932 akaondoka Nairobi peke yake na ndege ndogo aina ya Avian, akafika Uingereza.

Lakini leseni ya A haikulipi hata shilingi. Ili ubebe abiria na mizigo kwa malipo ulihitaji leseni ya B, na hapo ndipo mtihani ulipokuwa mlima. Ulitakiwa ujue kupiga hesabu za safari kwa ramani na dira. Ujue sheria za anga. Uruke usiku. Na injini ulitakiwa uijue kwa mikono, si kwa kuikariri: kuifungua, kusafisha vichujio na njia za mafuta, kubadilisha plagi.

Nilikuambia ukumbuke kwamba hakukaa shule. Msichana huyo aliyefukuzwa darasani alilazimika kukaa chini na vitabu akiwa na miaka 30, mama wa mtoto mmoja, na kusoma kama mtoto wa shule. Mwaka 1933 akaipata, mwanamke wa kwanza Kenya kuwa na leseni ya urubani wa biashara. Akaanza kubeba barua, abiria, dawa na madaktari, na kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani.

Unaona alichofanya? Hakushindana na tabia ya mtahini. Hilo hulimudu, wala yeye hakulimudu. Alishindana na kile mtahini anachouliza. Akikuuliza kwa ukali au kwa upole, swali la mafuta ni lile lile, na jibu lake ni lile lile.

Kwa hiyo siku yako ikifika, usijaribu kumchekesha wala kumbembeleza. Swali usilolielewa, omba alirudie. Ni haki yako na si aibu. Usipolijua jibu, sema, na sema utalitafuta kwenye kitabu gani. Kubahatisha mbele ya mtahini mkali ni kujichimbia shimo. Ukikosea mkiwa angani, rekebisha kwa sauti ya kawaida na uendelee kuirusha ndege, maana rubani anayelilia kosa lililopita hutenda la pili. Na akikuangusha, omba akuambie ni wapi hasa, urudi kwa mwalimu na hapo hapo, usirudi na hasira tu.

Kwa nini mambo haya ni mazito hivi? Sikiliza yaliyompata baadaye.

Tarehe 4 Septemba 1936, jioni, Beryl aliondoka Abingdon, Uingereza, akielekea magharibi kuvuka bahari ya Atlantiki peke yake, akipambana na upepo wa mbele. Hakuwa na redio. Usiku huo tangi moja la mafuta liliisha na injini ikazima. Alitakiwa kufungua mfereji wa tangi jingine, gizani, kwa kupapasa, huku ndege ikishuka kuelekea mawimbi. Hapakuwa na mtu wa kumuuliza, wala mwalimu wa kushika usukani. Mkono wake uliupata mfereji. Injini ikawaka tena.

Baada ya saa 21 na dakika 25, mafuta yakakatika tena, safari hii kwa sababu ya barafu iliyoziba njia ya hewa ya tangi la mwisho. Alitua kwenye matope kule Cape Breton, Kanada, ndege ikachomeka pua. Akatoka na jeraha kichwani, mwanamke wa kwanza kuvuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza kwenda magharibi. Wiki mbili tu baadaye, Tom Campbell Black aliuawa Liverpool, ndege yake ilipogongwa ikiwa bado chini.

Bahari ile ndiyo mtahini mkali kweli. Haina jina la kulalamikia na haikupi tarehe ya kurudia.

Kuna jambo moja sitakuficha. Njoro, Beryl alikua na kijana wa Kikalenjin aliyeitwa Kibii, baadaye arap Ruta. Alikuwa msaidizi wake kwenye farasi, kisha kwenye ndege. Alizijua ndege zile kwa karibu, lakini katika Kenya ya wakoloni mlango wa leseni haukuwa wake. Hakupewa hata nafasi ya kukalishwa mbele ya mtahini mkali. Leo mlango huo uko wazi kwako, uwe wa Nairobi au wa Faza, Siyu au Kizingitini. Ada ni kubwa mno, najua, na hilo ni vita vyake. Lakini ukifika mbele ya mtahini, jua kuna waliotamani kuogopa unavyoogopa wewe.

Beryl aliandika kumbukumbu zake mwaka 1942, zikasahaulika, zikachapishwa upya mwaka 1983 na kumletea sifa uzeeni. Alifariki Nairobi mwezi Agosti 1986, akiwa na miaka 83.

Na kama wewe ni mtoto wa Lamu, neno lenyewe ni la kwenu. Kabla ya ndege kuwepo, rubani alikuwa mtu wa baharini, anayejua mahali maji ni mafupi na mwamba umejificha wapi. Hakuna aliyemkabidhi chombo kwa sababu ya maneno matamu. Walimkabidhi kwa sababu alikuwa akifika.

Kwa hiyo kesho asubuhi, ndege ikizunguka juu ya Manda, itazame vizuri. Kisha kafungue kitabu.