Beethoven: Gwiji wa muziki aliyeishi na mlio masikioni

UKISHUKA kwenye nganya hapa Eldoret baada ya kukaa dakika arobaini chini ya spika, kuna kitu hukufuata mpaka nyumbani. Watu wanakuongelesha lakini sauti zao zinafika kana kwamba wako nyuma ya ukuta, na ndani ya sikio kuna mlio mwembamba, nziii, usiotoka popote. Unalala. Asubuhi umeisha, unasahau.

Sasa fikiria asubuhi ifike na mlio uwe bado upo. Kesho pia. Mwaka ujao pia.

Kuna msee aliyeishi hivyo kwa karibu miaka thelathini, na kazi yake ilikuwa muziki. Ludwig van Beethoven alizaliwa Bonn, Ujerumani, mwaka wa 1770. Hata kama hujawahi kusikiliza muziki wa aina yake kwa hiari, umemsikia: zile noti nne nzito ambazo filamu hutumia mambo yakiharibika, na kile kipande kidogo cha piano kilichokuwa mlio wa simu za kitambo. Babake alikuwa mwimbaji wa ikulu ya mtawala wa Bonn na mlevi wa kupindukia, akamsukuma mtoto kwenye kinanda akitaka atokee kuwa Mozart wa pili. Mama alifariki 1787. Kijana hata hajafikisha miaka ishirini, ikabidi aombe nusu ya mshahara wa baba ipitie mikononi mwake ili alee wadogo zake. Stori ambayo mafasti boni wengi wa Langas na Huruma wanaielewa bila kufafanuliwa.

Mwaka wa 1792 alihamia Vienna kutafuta maisha. Alikuwa moto kwenye piano. Matajiri walimwita majumbani mwao kushindana na wapiga piano wengine, na aliwafunika. Pesa zikaanza kuingia, jina likakua.

Halafu, akikaribia miaka 28 hivi, masikio yakaanza kuvuma.

Alificha. Mnamo Juni 1801 ndipo alipomwandikia rafiki yake wa utotoni, daktari Franz Wegeler, akamweleza kwamba masikio yanalia usiku na mchana, kwamba kwa karibu miaka miwili alikuwa akikwepa vikao vya watu kwa sababu hangeweza kuwaambia yeye ni kiziwi. Kwenye ukumbi alilazimika kukaa karibu sana na wanamuziki ili ashike maneno ya waigizaji, na sauti za juu za ala zilimpotea akiwa mbali kidogo. Lakini mtu akipaza sauti, ilimuumiza. Alimsihi Wegeler asimwambie mtu yeyote.

Hapo pa kupaza sauti panachanganya watu, wakidhani mgonjwa anaigiza. Sikio lililoharibika hupoteza sauti ndogo, ila kubwa hugonga vilevile au zaidi. Ndani kabisa ya kila sikio kuna chembe ndogo zenye vinyweleo, kama 15,000 hivi, zinazogeuza mtikisiko wa hewa kuwa ujumbe wa ubongo. Zikifa hazioti tena. Ubongo ukikosa ujumbe uliouzoea huongeza nguvu ya kusikiliza, kama redio iliyopandishwa sauti pasipo stesheni, na unachosikia ni ile nziii.

Madaktari wa Vienna walimjaribia kila kitu. Mafuta ya lozi sikioni. Maji ya uvuguvugu ya mto Danube, akaoga humo. Magome ya mti wa sumu yaliyofungwa mikononi mpaka ngozi ikatoka malengelenge, na siku hizo hakuweza hata kupiga piano. Mlio ulibaki. Ukiona mtu anauza matone ya kumaliza mlio masikioni kabisa, jua biashara hiyo haijaanza leo.

Mwaka wa 1802 daktari alimshauri apumzike mbali na kelele za mji, akaenda kijiji cha Heiligenstadt. Mwanafunzi wake Ferdinand Ries alitembea naye mashambani na kumwonyesha mchungaji akipiga filimbi. Beethoven alitega sikio karibu nusu saa asisikie kitu, akanyamaza, akawa na huzuni. Oktoba mwaka huo aliwaandikia ndugu zake barua ya mtu aliyefika ukingoni: alieleza aibu ya kushindwa kusikia ilhali kusikia kulikuwa kazi yake, na akakiri kwamba aliwahi kufikiria kujiua. Kilichomzuia, kwa maelezo yake, ni muziki aliokuwa bado hajautoa. Barua hakuituma.

Simfoni zake ni tisa. Saba alizikamilisha baada ya barua hiyo.

Mimi sipendi vile hadithi yake husimuliwa kana kwamba uziwi ulimpa kipaji. Ulimnyang'anya. Alikuwa mkali kwa watu, mpweke, mwenye kushuku kila mtu, na kufikia 1814 aliacha kupiga piano mbele ya umma. Mwaka wa 1809, jeshi la Napoleon lilipoishambulia Vienna kwa mizinga, alijificha kwenye orofa ya chini nyumbani kwa ndugu yake, akafunika kichwa kwa mito ili milipuko isimalize usikivu uliobakia. Kile kidogo alichokuwa nacho alikilinda kwa mto wa kitanda.

Kilichomponza masikio hakijulikani hadi leo. Waliompasua baada ya kufa walikuta mishipa ya kusikia imenyauka. Wanasayansi waliosoma vinasaba kutoka nywele zake, utafiti uliotoka 2023, hawakupata jibu la uziwi. Kwa hivyo tusiseme ni kelele.

Yetu, mara nyingi, ni kelele. Fundi wa kuchomelea anayesaga chuma siku nzima, mwenye posho mill, DJ, makanga anayesimama mlangoni kando ya spika, mwanakwaya anayekaa mbele ya besi. Sheria ya Kenya ya 2005 kuhusu kelele kazini inaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Shirika la Afya Duniani ni kali zaidi: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukifika 100 wiki yako inaisha kwa kama dakika 20. Kipimo hicho hakipandi kama bei ya unga. Kila ukiongeza 10, nguvu ya sauti inazidishwa mara kumi. Ukishindwa kuongea na mtu aliye umbali wa mkono bila kupiga kelele, umepita kiasi. Vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa bei ya soda. Pamba haitoshi. Iafoni zikae chini ya asilimia 60, na kwenye nganya omba kiti cha mbali na spika, hata ukichekwa.

Na kama nziii tayari imehamia kwako? Nenda kliniki ya masikio, pale MTRH au nyingine, wapime usikivu na waangalie kama ni nta tu. Taja dawa unazotumia, maana kwinini na baadhi ya viuavijasumu kama gentamicin huweza kuleta mlio. Sikio likizima ghafla, au mlio ukiwa upande mmoja tu au ukidunda pamoja na moyo, usingoje. Mwingine mara nyingi hauna tiba ya kuufuta, lakini watu huuzoea: redio ya chini usiku, feni, mvua juu ya mabati, ushauri wa mtaalamu ukianza kukosesha usingizi. Kimya kitupu ndicho adui, na kumwambia mtu husaidia zaidi ya kuficha.

Beethoven mwenyewe aliacha kuficha. Fundi Mälzel alimtengenezea mirija ya shaba ya kuweka sikioni, na kuanzia 1818 alitembea na daftari: wageni waliandika, yeye akajibu kwa mdomo. Ukisoma madaftari hayo leo ni kama chati ya WhatsApp ambayo upande mmoja umefutwa. Kuna maswali, majibu mengi hayamo.

Mei 7, 1824, simfoni ya tisa ilipigwa Vienna kwa mara ya kwanza. Alisimama mbele akiongoza, ila wanamuziki walikuwa wameagizwa wamfuate kiongozi mwingine, Umlauf. Watu walishangilia na yeye bado amewapa mgongo. Mwimbaji Caroline Unger, msichana wa miaka 20, alimshika na kumgeuza, akaona mikono na vitambaa vikipepea.

Alifariki Machi 26, 1827. Barua ya Heiligenstadt ilipatikana kati ya karatasi zake, karibu miaka 25 baada ya kuandikwa. Mirija ile ya shaba iko Bonn, kwenye nyumba alimozaliwa.