Arshile Gorky: Mchoraji Aliyesimama Baina ya Mikondo Miwili

Katika historia ya uchoraji wa karne ya 20, ni nadra kupata picha moja inayogombewa na pande mbili kama ile iitwayo Ini ni Kilemba cha Jogoo, iliyochorwa mwaka 1944. Kuna wanaoihesabu kuwa miongoni mwa matunda ya mwisho ya usurealisti, mkondo ulioanzia Ufaransa miaka ya 1920 na kuzipa ndoto na nafsi iliyofichika nafasi ya kwanza. Wengine huiona kuwa mbegu ya uekspreshonisti dhahania, mkondo uliochipuka mjini New York miaka ya 1940, ambao uliacha kuiga maumbo ya vitu ili rangi na mwendo wa mkono vijieleze vyenyewe. Ili kuelewa jinsi picha hiyo ilivyokuja kuwa daraja, sharti yafahamike kwanza maisha ya aliyeichora.

Arshile Gorky hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa Vostanik Adoian, yapata mwaka 1904, katika kijiji cha Waarmenia kiitwacho Khorkom, kando ya Ziwa Van, ndani ya dola ya Osmania. Baba yake alihamia Marekani mwanawe angali mdogo. Mwaka 1912 mama yake, Shushan, alipigwa picha pamoja naye ili ipelekwe kwa baba huyo ng'ambo. Katika picha hiyo mtoto amesimama akiwa na maua mkononi, naye mama ameketi, amevaa aproni iliyotariziwa. Mwaka 1915 mauaji ya halaiki ya Waarmenia yalipopamba moto, mama na wanawe walikimbilia Yerevan. Huko, mwaka 1919, Shushan alifariki kwa njaa. Mwaka uliofuata Vostanik na dada yake mdogo, Vartoosh, waliwasili Marekani.

Ugenini alijipa jina jipya na kudai kuwa ni jamaa ya mwandishi Mrusi Maxim Gorky. Dai hilo lilikuwa na kinaya ndani yake, kwani Gorky lilikuwa lakabu ya mwandishi huyo wala si jina la ukoo wake. Katikati ya miaka ya 1920 alihamia New York, akawa mwalimu wa sanaa. Kwa miaka mingi alijifunza kwa kuwaiga waliomtangulia: kwanza Cézanne, kisha Picasso, halikadhalika Miró. Wapo waliombeza kuwa ni kasuku tu. Hata hivyo, uigaji huo ulikuwa chuo chake, mithili ya mtunzi chipukizi anayefuata arudhi za malenga wa kale kabla ya kuipata sauti yake.

Hata katika kipindi hicho, ipo kazi moja ambayo hakuna bwana yeyote wa Ulaya angeweza kumwazima. Kuanzia mwaka 1926, kwa miaka mingi, aliirudia ile picha ya mwaka 1912 katika nakala mbili kubwa za rangi, Msanii na Mama Yake. Ndani yake aproni haina maua tena, bali ni eneo tupu lililopauka. Mikono ya mama nayo imefifia, kana kwamba mchoraji alishindwa, au alikataa, kuimaliza.

Mageuzi yalikuja katika miaka ya 1940. Mwaka 1941 Gorky alimwoa Agnes Magruder, na mwaka 1943 wakakaa msimu wa kiangazi katika shamba la wazazi wa mke huyo, jimboni Virginia. Huko aliyachora majani na maua kwa kuyatazama kwa karibu mno, hata yakaanza kufanana na viungo vya mwili na kumrejeshea bustani za Khorkom. Mchoraji wa Chile, Roberto Matta, alikuwa amemhimiza kuizimua rangi ili itiririke. Naye mshairi André Breton, kiongozi wa wasurealisti, alimsaidia kuzipa picha majina na kuandika utangulizi wa maonyesho yake ya mwaka 1945.

Ini ni Kilemba cha Jogoo ilizaliwa katika mazingira hayo. Ni picha pana, karibu mita mbili na nusu, ambayo leo imehifadhiwa mjini Buffalo. Nyekundu, manjano na nyeusi zimetanda huku mistari myembamba ikichora vitu vinavyokaribia kuwa manyoya, kucha na mimea bila kuwa kimojawapo. Kwa msomaji wa Kiswahili, ini kuwa kitovu cha hisia si jambo geni, kwani katika lugha hii pia maneno makali humkata mtu maini. Usurealisti unaonekana katika maumbo hayo ya ndoto. Uekspreshonisti dhahania unaonekana katika uhuru wa rangi na ukubwa wa turubai. Lakini uhuru huo haukuwa wa kubahatisha, maana picha ilitanguliwa na mchoro wa maandalizi wa mwaka 1943. Hapa ndipo Gorky alipotofautiana na wasurealisti waliosifu mkono usioongozwa na akili. Mwaka huohuo wa 1944 aliipa picha nyingine jina linaloitaja aproni ya mama yake inavyokunjuka maishani mwake. Maua yaliyofutwa katika picha ya mama yalikuwa yamepata pa kurejea, safari hii yakiwa rangi tupu.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya misiba. Januari 1946 banda lake la kuchorea huko Connecticut liliungua pamoja na picha nyingi, na miezi michache baadaye alipasuliwa kwa ajili ya saratani. Juni 1948 alivunjika shingo katika ajali ya gari, na mkono wake wa kuchorea ukapooza kwa muda. Mkewe akaondoka na watoto. Tarehe 21 Julai 1948 Gorky alijitoa uhai.

Baada ya kifo chake, baadhi ya barua zilizochapishwa kwa jina lake zilibainika kuwa za kughushi. Jina lake lilikuwa la kubuni, na hata maneno yake yakaja kubuniwa na wengine. Ushahidi wa kuaminika zaidi umebaki kwenye turubai zake, ambazo rafiki yake Willem de Kooning na wenzao wa New York walijifunza kwazo kwamba picha isiyoonyesha kitu chochote bayana yaweza kubeba maombolezo ya mtu mzima na ya nchi yake.