Mwalimu na Mji Uliomfundisha Kusoma

Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama, Aprili 1922, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki na mama Mugaya. Shule alianza mwaka 1934, akiwa na miaka kama 12, pale Mwisenge, Musoma. Kutoka nyumbani ni kilomita 40 hivi.

Musoma ulikuwa mji wa boma. Mjerumani aliweka kituo, Mwingereza akakirithi, na meli za Ziwa Viktoria zikawa zinatia nanga zikizunguka Kisumu, Mwanza na Bukoba. Warumi walifanya vilevile kule Gaul, yaani Ufaransa ya leo: Augusto akajenga mji wa Autun, na watoto wa wakubwa wa makabila wakapelekwa humo kusoma. Mtawala akishaweka mji, anataka na watoto wa machifu. Burito akamtoa wake.

Baada ya hapo njia tunaijua: Tabora, Makerere, Edinburgh, TANU 1954, Ikulu. Katikati ya shughuli zote hizo akapata muda wa kutafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari, yuleyule aliyeiteka Gaul!

Novemba 1974 TANU ilikutana Musoma na kutoa Azimio lililotugusa sisi wa vyuoni: ukimaliza kidato cha sita, kafanye kazi kwanza, chuo baadaye. Jina la mji likavuma nchi nzima. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na serikali ya Mwalimu ikafunga mpaka na Kenya hadi 1983. Kisumu, ambako meli zilikuwa zikitoka, ikawa nchi ya mbali ghafla. Autun iliporomoka baada ya kuzingirwa na jeshi miezi saba. Musoma haikuzingirwa na mtu, ilipungua nguvu pole pole. Biashara ikahamia barabarani, na barabara kuu ya Mwanza kwenda Sirari inapita Bunda, inafika Makutano, inaiacha Musoma pembeni. Bunda ikachangamka.

Mwaka huohuo wa 1983 Houphouët-Boigny aliifanya Yamoussoukro, kwao, kuwa makao makuu ya Ivory Coast. Mwalimu hakuwa mtu wa hivyo, na wapo watu wa Mara wanaonung'unika mpaka leo. Mimi nasema kutopendelea kwao alifanya sawa kabisa. Ila gharama ya kufunga mpaka ililipwa na wachuuzi na mabaharia ambao hakuna aliyewauliza.

Mwaka 1985 aling'atuka, akarudi Butiama kulima. Alifia London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kijijini kwao. Ukitoka Mwanza kwenda kwenye kaburi lake unapita Bunda, kisha unakata kona kabla hujafika Musoma.