Tom Mboya, Bwana Afya

Kila nimwonapo Bwana Afya akipita baina ya mafungu ya samaki sokoni Homa Bay, au akikagua mabucha ya Migori, humkumbuka Tom Mboya. Wanafunzi wangu wamjua waziri aliyeuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akazikwa Rusinga. Wachache wajua kwamba mwaka 1951 alikuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Jiji la Nairobi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida: kukagua maduka, kupima maziwa, kuandika ripoti. Siku moja, akiwa peke yake kazini, mwanamke wa Kizungu aliingia, akatazama huku na huku, akauliza kama mlikuwa na mtu yeyote humo. Mboya naye akamwuliza kama macho yake yalikuwa na kasoro. Wengi wetu, nakiri, tungalinyamaza.

Mshahara wake nao ulikuwa mdogo mno kuliko wa mkaguzi Mzungu wa kazi ileile. Basi akakiongoza chama cha watumishi Waafrika wa baraza, akakigeuza kuwa chama kamili cha wafanyakazi wa serikali za mitaa. Mwaka 1953 aliiacha kazi ya baraza, na mwaka uo huo, kijana wa miaka 23, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini.

Kwa miaka mingi, darasani, somo langu juu yake nililianzia hapo.