Bryceson: Alianguka toka angani, akasimama kwa fimbo

ASUBUHI nyingi hapa Morogoro, kabla ya kuingia darasani, husimama nje kidogo na kuitazama milima ya Uluguru. Jua likishapanda na mawe yakapata joto, hewa nayo hupanda kufuata mteremko, na mwewe hutoka wakaanza kuzunguka huko juu bila kupiga mbawa hata mara moja. Wanafunzi wangu hupenda kuwatazama. Nami hutumia nafasi hiyo kuwasimulia habari za Abbas bin Firnas wa Cordoba, aliyefariki mwaka 887, ambaye inasimuliwa kwamba alijitengenezea mbawa, akaelea hewani kwa muda, kisha akaumia mgongo wakati wa kutua. Waliosimulia baadaye walisema kosa lake lilikuwa ni kusahau mkia, kwani ndege hutua kwa kutumia mkia.

Muhula mmoja kisa hiki kilinishinda kukisimulia. Katika darasa langu alikuwapo kijana aliyepata ajali ya pikipiki akaumia mgongo, na miguu yake haikurudi kuwa kama zamani. Siku moja baba yake alinijia, akanisalimu kwa heshima, akaniomba nimruhusu mwanawe aache masomo. Aliona ni bure kumlipia ada mtoto ambaye hata ngazi za shule zinamshinda. Nilikosa la kumjibu. Nilipofika nyumbani nikamkumbuka mtu ambaye wazee wetu wanamfahamu vizuri, lakini vijana wa leo hawajapata hata kulisikia jina lake. Mtu huyo ni Derek Bryceson.

Bryceson alizaliwa China mwaka 1922, katika familia ya Kiingereza, akasomeshwa London. Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto alijiunga na jeshi la anga la Uingereza akiwa kijana mdogo, akafunzwa urubani wa ndege za kivita.

Ndugu msomaji, inafaa tujue kidogo mafunzo yale yalikuwaje. Vijana wa wakati ule walianzia kwenye ndege ndogo za viti viwili, mwanafunzi kiti kimoja na mwalimu kiti kingine. Miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyofundishwa ni kuiendesha ndege isiyo na nguvu ya injini. Wakiwa juu, mwalimu aliipunguza injini ghafla, na mwanafunzi akatakiwa kuielea hewa kama mwewe huku akitafuta uwanja wa kutua. Katika somo hilo hofu ndiyo adui mkubwa. Mwenye hofu huinua pua ya ndege juu akidhani ndivyo atakavyobaki angani. Kumbe akifanya hivyo ndege hupoteza mwendo, mbawa hazishiki tena hewa, na ndege huanguka kama jiwe. Aliyefunzwa hukubali kwamba lazima ashuke, huielekeza pua chini kidogo, na kwa kukubali huko ndege huendelea kumtii mpaka inapogusa ardhi.

Bryceson alipita katika shule ya namna hiyo. Lakini vitani mambo yalikuwa mengine. Akiwa na umri wa miaka 19 hivi, ndege yake ilianguka huko Mashariki ya Kati na uti wa mgongo wake ukaumia vibaya. Madaktari walimwambia kwamba hatatembea tena. Kijana ambaye jana yake alikuwa juu ya mawingu, leo hawezi kujigeuza kitandani.

Hapa ndipo ninapoliona lile somo la ndege isiyo na injini. Bryceson hakujidanganya kwamba atakuwa kama zamani, wala hakuzira. Alikubali kilichopotea, akakishika kwa nguvu kilichobaki. Mguu mmoja ulikuwa na msuli kidogo wa kuuleta mbele. Ule mwingine aliuzungusha kutoka nyonga. Kwa juhudi hizo alijifunza upya kutembea kwa fimbo, na fimbo hiyo hakuiacha mpaka kufa. Gari aliendesha mwenyewe, na pale mguu ulipokataa aliuinua kwa mkono wake. Akaenda Chuo Kikuu cha Cambridge akasomea kilimo. Mwaka 1947 akaja Kenya, na miaka ya mwanzo ya 1950 akahamia Tanganyika, akalima ngano chini ya Kilimanjaro.

Angeweza kuishia hapo, akawa mlowezi kama walowezi wengine. Lakini aliingia katika siasa, tena upande ambao walowezi wengi waliuogopa. Wasomaji wa umri mkubwa wanaikumbuka kura tatu ya mwaka 1958 na 1959, ambapo kila mpiga kura alilazimika kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Mkutano wa TANU uliofanyika Tabora Januari 1958 uliamua kushiriki, baada ya mabishano makali. Kwetu huku Jimbo la Mashariki, Nyerere alishindana na Patrick Kunambi, Mluguru, na akashinda. Huko Jimbo la Kaskazini, Mzungu aliyeungwa mkono na TANU alikuwa Bryceson. Na jambo la kuzingatia ni kwamba wakati huo uanachama wa TANU ulikuwa wa Waafrika peke yao. Aliungwa mkono na chama ambacho kadi yake hakuruhusiwa kuwa nayo.

Mwaka 1959 serikali ya kikoloni ilipolazimika kuingiza mawaziri waliochaguliwa na wananchi, walikuwa watano: Chifu Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal na Bryceson. Jamal ndiye yule aliyekuja kuwa mbunge wetu wa Morogoro kwa miaka mingi. Baada ya uhuru Bryceson aliendelea kuwa waziri, akashika afya na akashika kilimo. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 alisimama Dar es Salaam, akashindana na Mwafrika, na wapiga kura ambao karibu wote walikuwa Waafrika wakamchagua yeye kwa kura nyingi. Hawakuitazama ngozi yake wala hawakuutazama mguu wake. Walitazama kazi.

Mwaka 1972 hivi aliuacha uwaziri, akawa mkurugenzi wa Hifadhi za Taifa. Wapo watu ambao wakitoka kwenye uwaziri huona dunia imekwisha, wakatumia umri uliobaki kulalamika. Yeye alishuka kwa utulivu, akafanya kazi iliyokuwa mbele yake. Hifadhi yetu ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa miongoni mwa hifadhi alizozisimamia, na iliongezwa ukubwa mwaka 1975, katika kipindi chake.

Mwaka 1974, akiwa njiani kwenda Ruaha kwa ndege ndogo, pamoja na Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe, moshi ulianza kufuka mbele ya rubani. Walipofika uwanjani wakakuta pundamilia wametanda njia ya kutulia. Rubani alipotea maamuzi, ndege ikaishia kuanguka porini, ng'ambo ya mto. Wote walitoka salama, na Bryceson na fimbo yake akauvuka mto pamoja na wenzake. Mwaka uliofuata yeye na Goodall walioana. Alifariki Oktoba 1980 kwa maradhi ya saratani, akiwa na miaka 57.

Nilimsimulia yule mzee kisa hiki chote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu jibu lililoniumiza, kwa sababu lilikuwa la kweli. Alisema kwamba Bryceson alikuwa Mzungu, mwenye shamba na shahada ya Cambridge, na kwamba mwanawe hana hata baiskeli ya magurudumu matatu. Nani atamngoja mwanawe apande ngazi?

Naam, mzee yule alisema kweli. Ushujaa wa mtu mmoja hautoshi. Bryceson alijitahidi, lakini pia alipata mahali pa kutua: alipata hospitali, chuo na wapiga kura. Sisi tunawahimiza vijana wetu walioumia wawe na subira, halafu darasa tunaliweka ghorofani, na mlango wa msikiti tunaujengea ngazi sita bila njia ya kigari. Tunajua vyema kwamba Mtume (s.a.w) alimfanya Abdullah bin Umm Maktum, kipofu, kuwa muadhini, na zaidi ya mara moja alimwachia usimamizi wa Madina aliposafiri. Kisa hicho tunakisoma kila mwaka. Je, tumewahi kukifanyia kazi?

Basi nilikwenda kwa mkuu wangu wa shule, nikamwomba tubadilishane vyumba. Darasa letu likahamia chini, lililokuwa chini likapanda juu. Haikugharimu hata shilingi. Mafundi wawili wa mtaani walimwaga zege kidogo mlangoni kwa kujitolea. Sikuona aibu kwamba kazi ilikuwa kubwa. Niliona aibu kwamba ilikuwa ndogo kiasi kile, na tulikuwa hatujaifanya miaka yote.

Kijana amerudi. Sijui atakuwa nani, na si kazi yangu kujua. Wiki iliyopita alikuwa nje na wenzake, ameegemea mkongojo, wanamtazama mwewe juu ya Uluguru. Akaniuliza kwa nini sijapata kuwasimulia jinsi Abbas bin Firnas alivyoishi baada ya kuumia mgongo. Nikamwahidi kwamba kipindi kijacho tutaanzia hapo.