Arkidiakoni William Percival Johnson (1854–1928): Jirani wa Watu Wengi wa Ziwa Nyasa

Katika kitabu cha miaka mia moja ya usharika mtu hutazamia kusoma habari za wachungaji, wainjilisti na wazee waliouweka msingi wa usharika huo. Habari zao zimeelezwa katika sura nyingine. Sura hii inamhusu mtu ambaye hakuwa Mlutheri, wala kituo chake hakikuwa Kigonsera. Alikuwa Mwanglikana, mzaliwa wa Uingereza, na kaburi lake liko Liuli, mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, ng'ambo ya milima ya Umatengo tunayoitazama kila siku upande wa magharibi.

Tumempa nafasi humu kwa sababu swali linalotukabili sisi lilimkabili yeye kabla yetu: watu wa makabila, lugha na dini mbalimbali waishije katika nchi moja pasipo mmoja kumwogopa au kumdharau mwenzake? Yeye alilijibu swali hilo kwa miaka hamsini na miwili ya maisha yake, na jibu lake linatufaa.

Kuzaliwa na Wito Wake

William Percival Johnson alizaliwa mwaka 1854 katika kisiwa cha Wight, kusini mwa Uingereza. Alisoma Bedford, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Oxford. Alifaulu mtihani wa kuingia katika utumishi wa serikali ya Kiingereza huko India, kazi iliyokuwa na heshima kubwa na mshahara mnono. Lakini aliposikia mwito wa Askofu Edward Steere wa Zanzibar, aliiacha nafasi hiyo na kujiunga na Misioni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo wengi wameijua kwa herufi UMCA. Mwaka 1876, akiwa kijana wa miaka ishirini na miwili, alifika Afrika Mashariki.

Zanzibar aliyoikuta ilikuwa imefunga soko lake la watumwa miaka mitatu tu nyuma, yaani mwaka 1873. Askofu Steere alikuwa akiandaa safari ya kuwarudisha bara baadhi ya watumwa waliokombolewa, na mwaka ule ule wakaanzishiwa makao Masasi. Johnson alikuwa miongoni mwa waliokwenda nao. Hivyo tangu mwanzo kazi yake ilikuwa kati ya watu waliong'olewa makwao, wasio na ukoo mmoja wala lugha moja, ambao walipaswa kujifunza kuwa kijiji kimoja.

Funzo la Mwembe

Mwaka 1880 Johnson alikwenda Mwembe, mji mkubwa wa Mataka, mfalme wa Wayao, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Alikaa huko kama mgeni wa Mataka. Watu wa Mwembe walifanya biashara na pwani, na biashara hiyo ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa. Mwaka 1881 msafara wa watumwa uliotoka kwa Mataka ulikamatwa huko pwani. Watu wakamshuku yule Mzungu aliyekaa kati yao, na urafiki ukageuka uadui. Johnson akalazimika kuondoka, na mali yake ikapotea.

Tukio hili halina budi kutafakariwa. Johnson alichukia utumwa kwa moyo wake wote, na katika hilo hakukosea. Hata hivyo wenyeji wake hawakuweza kumtenganisha na serikali ya taifa lake iliyokuwa na manowari baharini. Mgeni huingia kijijini akiwa na kivuli cha watu waliomtuma, apende asipende. Kivuli hicho kilimfuata Johnson maisha yake yote, naye hakuwa na njia ya kukipunguza isipokuwa kukaa karibu na watu kwa muda mrefu, mpaka wamjue yeye mwenyewe.

Ziwa na Watu Wake

Mwanzoni mwa mwaka 1882 Johnson alifika Ziwa Nyasa pamoja na Kasisi Charles Janson. Muda mfupi baada ya kufika, Janson akaugua na kufa huko Chia, kando ya ziwa. Johnson akabaki peke yake.

Mwambao aliouona ulikuwa nchi ya hofu. Wangoni, ambao asili yao ni kusini mwa Afrika na ambao Johnson na wenzake waliwajua kwa jina la Magwangwara, walikuwa wamejenga falme zenye nguvu katika nchi ya Songea. Majeshi yao yalishuka ziwani kuteka watu, ng'ombe na chakula. Baadhi ya watu wa mwambao walijenga nyumba zao juu ya nguzo ndani ya maji. Wengine walikimbilia visiwani na kwenye miamba. Wamatengo walijificha milimani. Wakati huo huo majahazi yalivuka ziwa yakiwa yamebeba watumwa kuelekea pwani. Mnyasa alimwogopa Mngoni, Mmatengo hakumwamini Myao, na kila mtu aliona usalama wake katika kukaa mbali na mwenzake.

Johnson hakujifungia upande mmoja. Aliwatembelea watu wa mwambao vijijini mwao, akala chakula chao na kulala katika nyumba zao. Tena alipanda bara hadi kwa Wangoni wenyewe, ambao walikuwa tishio kwa rafiki zake wa ziwani. Kwa watu wa wakati ule, kutembea kwa miguu kutoka kwa mtekwaji hadi kwa mtekaji lilikuwa jambo la ajabu.

Aliona kwamba ziwa lile lililowatenga watu lingeweza pia kuwaunganisha, kama kungekuwa na meli ya kupita kijiji hadi kijiji. Katika juhudi za kuipata, ugonjwa mkali wa macho ulimshika mwaka 1884, akarudishwa Uingereza akiwa karibu kipofu. Jicho moja halikupona. La pili lilibaki na nuru hafifu. Mtu mwingine angestaafu kwa heshima. Yeye alirudi. Meli hiyo ndogo ililetwa vipande vipande kwa njia ya Mto Shire, ikaunganishwa na kuwekwa wakfu mwezi Septemba 1885, nayo ikaitwa Charles Janson kwa kumkumbuka marehemu. Makao ya misioni yakawekwa katika kisiwa cha Likoma, chini ya Arkidiakoni Chauncy Maples, kwa kuwa kisiwa kilikuwa salama kutokana na mashambulizi.

Usalama wa ziwani haukuwa kamili. Mwaka 1888 Johnson alisafiri pamoja na John Buchanan, kaimu balozi wa Uingereza, wakafika kwa Makanjila, mtawala wa Kiyao wa kusini mashariki mwa ziwa. Wote wawili walikamatwa, wakavuliwa nguo na kuzuiliwa mpaka fidia ilipotolewa. Baada ya aibu hiyo Johnson aliendelea kusafiri mwambaoni kama kawaida yake. Mwaka 1895 Chauncy Maples, ambaye alikuwa ametoka tu kuwekwa wakfu kuwa askofu, alizama ziwani na kufa. Mwaka uliofuata Johnson akawa Arkidiakoni wa Nyasa.

Lugha ya Jirani

Silaha kubwa ya Johnson ilikuwa lugha. Alifanya kazi kwa miaka mingi kutafsiri Biblia katika Kinyanja kama kilivyosemwa Likoma na vijiji vya mashariki ya ziwa, na Biblia nzima ilichapishwa mwaka 1912. Fikirini mtu mwenye jicho moja bovu, akiandika ndani ya meli inayoyumba, au nyumbani kwa mwanakijiji, kwenye mwanga wa taa ndogo. Hata hivyo hakuridhika na lugha moja kubwa peke yake. Wampoto nao aliwashughulikia kwa kuwatafsiria Maandiko katika lugha yao.

Sisi tunaotumia Kiswahili kanisani tunaijua baraka ya lugha inayotukutanisha wote. Johnson anatukumbusha upande wa pili: mtu akiisikia habari njema katika lugha ya mama yake, anajua kwamba yeye na bibi yake wamealikwa mezani wakiwa walivyo. Siku ya Pentekoste watu hawakulazimishwa lugha moja. Kila mmoja alisikia kwa lugha yake, na bado wakawa kusanyiko moja.

Wenzake katika Kazi

Ni kosa kusimulia habari hizi kana kwamba Mzungu mmoja alitenda yote. Augustine Ambali, aliyesoma Kiungani huko Zanzibar, alikuja ziwani kama mwalimu na baadaye akawa kasisi. Leonard Kamungu, mtoto wa Chia mahali alipofia Janson, alipewa ukasisi mwaka 1909, akaenda kuhubiri hadi Msoro katika nchi ambayo leo ni Zambia, akafa huko mwaka 1913. Yohana Abdallah, kasisi Myao wa Unangu, aliandika historia ya watu wake kwa Kiyao. Walimu wengine wengi, ambao majina yao hayakuandikwa vitabuni, walifundisha watoto chini ya miti katika vijiji ambavyo havikuwa vya kabila lao. Mwalimu wa namna hiyo alikuwa mgeni kama Johnson, bila meli wala balozi wa kumtetea.

Mipaka na Vita

Mwaka 1890 na 1891 mataifa ya Ulaya yaligawana mwambao. Kaskazini ukawa wa Wajerumani, kusini wa Wareno, na Likoma ikabaki kwa Waingereza. Watu wa ukoo mmoja wakajikuta raia wa tawala tatu. Misioni nazo zilikuwa na maeneo yake: Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na hapa Kigonsera mwaka 1899, Wamoravian na Misioni ya Berlin, ambayo ni mama yetu Walutheri wa kusini, walikuwa wameingia kaskazini mwa ziwa tangu 1891, Waanglikana walishika mwambao. Hivyo juu ya mipaka ya kabila ikaongezwa mipaka ya dhehebu.

Kisha Wazungu wenyewe wakapigana. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza, na nahodha aliyemshambulia alikuwa rafiki yake. Vita hivyo viliwaondoa wamisionari wetu wa Berlin, na makundi ya Walutheri yakabaki bila wachungaji wao. Waliojitokeza kuyaangalia ni Wapresbiteri wa Scotland kutoka Livingstonia, mpaka Waberlin waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920. Tusilisahau jambo hili: kanisa letu la kusini liliwahi kulindwa na jirani wa dhehebu lingine, raia wa taifa lililokuwa adui.

Kifo Chake

Johnson aliendelea na safari zake hata uzeeni. Alifariki Liuli mwezi Oktoba 1928, akiwa na umri wa miaka 74, akazikwa huko huko. Hakurudi kufia kwao, kwa maana kwao kulikuwa kumehama.

Yatupasayo Sisi

Usharika katika nchi hii ni mkusanyiko wa watu waliotoka mahali pengi. Wamo Wabena, Wapangwa, Wakinga na Wanyakyusa walioleta Ulutheri wao kutoka Njombe, Ludewa, Makete na Tukuyu. Wamo Wamatengo, Wangoni na Wanyasa ambao ndio wenyeji. Majirani zetu wengi ni Wakatoliki, wako Waanglikana na Waislamu, na vijana wetu wanaoana nao. Tunauziana kahawa na samaki, tunazikana, watoto wetu wanasoma darasa moja. Lakini tunajua pia kwamba ukifika uchaguzi wa wazee wa kanisa, watu huanza kuhesabu makabila; na msiba ukitokea katika nyumba yenye dini mbili, hubishana mbele ya jeneza. Hayo ndiyo majaribu yetu, na usharika unaweza kuvunjika kwa hayo kuliko kwa mateso ya nje.

Maisha ya Johnson hayatupi kanuni ngumu. Alikaa na watu muda wa kutosha hata wakamjua. Alijifunza lugha yao kabla ya kuwataka wajifunze yake. Aliwatembelea pia wale waliokuwa wakiogopwa na rafiki zake. Mwenyeji na mhamiaji katika usharika wetu wanaweza kuyafanya hayo yote pasipo meli wala fedha, wakianza na nyumba ya jirani.

Tunawashauri vijana wa usharika na wageni wetu wa dayosisi, wapatapo nafasi, washuke hadi Mbamba Bay na kuendelea mpaka Liuli, wasimame kwenye kaburi lile pamoja na Waanglikana wanaolitunza, na kumshukuru Mungu kwa ajili ya jirani.